Asubuhi Baba Alipomwamkia Masanja

Mtaa wa Makoroboi huamka kabla ya mji mzima. Jua likiwa bado halijachomoza, mafundi wa bati waliokaa kwenye yale majabali nyuma ya maduka walikuwa wameshaanza kugonga, wakikunja madebe ya zamani kuwa koroboi, karai na majiko ya mkaa. Kelele zile zilishuka hadi Mtaa wa Uhuru, zikapita kwenye vibaraza vilivyokuwa bado vimelala, zikachanganyika na harufu ya dagaa wanaoshushwa sokoni na mkaa unaowashwa kwa ajili ya pasi. Watu wengi wakikumbuka utoto wao hutabasamu. Mimi nikisikia nyundo juu ya bati asubuhi, hugeuza njia, na sina haja ya kumsingizia mtu mwingine kwa hilo.

Nilikuwa darasa la nne. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Mbugani, mimi na baba na mama, na baba alikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la Mzee Jamali, Mtaa wa Uhuru. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza kile tangu kabla sijazaliwa, na watu wa mitaa ile walimfahamu kwa vitu viwili, suruali zake zisizopinda mshono, na salamu. Fundi Hamza hakupitwa na mtu. Wazee aliwaamkia kabla hawajamfikia, watoto aliwaitikia marahaba mmoja mmoja, na wanawake wa Kisukuma waliotoka na maziwa aliwaambia "Mwangaluka, mayu" hata wakacheka, maana kwao alikuwa mswahili wa mjini aliyejifunza maneno mawili kwa mkewe. Mwanzoni mwa mvua za vuli za mwaka ule alianza kuniamsha mapema, niende naye kazini kwa miguu kabla ya shule. Tuliteremka, tukavuka daraja la Mto Mirongo, tukapita Mtaa wa Rufiji, tukaingia Uhuru. Mkono wake aliuweka begani kwangu. Nilijiona mtoto mwenye bahati, kwa sababu baba za wenzangu hawakuwa na muda wa kutembea na watoto wa kike, tena polepole namna ile, kama watu waliokuja kuutazama mji.

Na kweli alinionyesha mji. Alinisimulia majumba yale ya ghorofa moja yaliyojengwa na wafanyabiashara wa pamba, yenye majina ya wenyewe yaliyochongwa juu kabisa karibu na paa, mahali ambapo hakuna anayetazama. Alijua nyumba ipi ilikuwa na kisima uani, ipi ilikuwa na ngazi ya mzunguko, na ipi ilikuwa ya ndugu wawili waliogombana wakajenga ukuta katikati ya sebule. Asubuhi moja tulisimama kwenye kona ya Rufiji, akaniambia nitazame juu, nione ile roshani ya mbao iliyochongwa maua. "Siku hizi hakuna fundi wa kuchonga hivyo," alisema. "Tazama kwanza yale maua ya pembeni." Nikatazama. Mbele yetu palikuwa na uzio wa mabati, na ndani ya uzio rundo la matofali na mbao zilizovunjika, na mbuzi mmoja juu yake. Nyumba ile ilikuwa imebomolewa tangu likizo ya mwezi wa sita. Nilidhani ananitania, nikacheka, kisha nikamtazama usoni. Alikuwa anatabasamu, akiangalia hewani, mahali palipokuwa na roshani.

"Baba," nikasema, "hiyo nyumba imevunjwa."

Tabasamu halikuondoka mara moja, lilikwisha polepole. Aliniuliza imevunjwa lini, nikamwambia. Akaniuliza kama kuna watu karibu, nikamwambia hakuna. Ndipo akaniambia kwamba macho yake yana presha, kwamba daktari alikwisha kumwambia mshipa umekufa na hauwezi kufufuliwa, na kwamba anaona mwanga, anaona kivuli cha mtu, lakini sura haoni. Mama hajui yote. Mzee Jamali hajui kabisa. Na asijue, kwa sababu kulikuwa na kijana mwenye cherehani ya umeme aliyekuwa anakitamani kibaraza kile, na baba akikiacha, hatuna cha kutuweka mjini. Tungehamia Sengerema kwa bibi mzaa mama, kulima. Aliniambia mambo hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayenituma dukani. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilichosikia ni Sengerema tu. Niliogopa sana.

Basi matembezi yakawa kazi. Tulipofika kibarazani nilitunga uzi kwenye sindano kumi na mbili, nikazichomeka kwenye kitambaa mfululizo, za uzi mweupe kushoto, kisha za mweusi, kisha za buluu, kisha za rangi ya damu ya mzee. Kitambaa chenyewe alikitambua kwa vidole, tetroni kwake haikuweza kujifanya khaki, na kushona alishona vizuri kuliko wengi wenye macho. Hatari ilikuwa barabarani. Kwetu fundi anaweza kuchelewesha suruali ya mtu wiki tatu na akasamehewa, lakini akimpita mzee bila kumwamkia, habari zitamtangulia kufika nyumbani. Na mtu aliyezoeleka kwa salamu akinyamaza siku moja, watu huuliza ana nini. Kwa hiyo nilikuwa namnong'oneza. Mtu akija mbele yetu, baba alinibonyeza bega, nami nikasema "mkubwa", au "mdogo", au "rika lako", na kama namjua nikataja na jina. Akisikia mkubwa, alivua kofia, akainama kidogo, "Shikamoo, mzee wangu." Akisikia mdogo, alingoja kuamkiwa. Niliwahi kumpa salamu kumi na saba kutoka darajani hadi Uhuru bila kukosea hata moja, na alipokaa kwenye cherehani alinipiga kofi la mgongoni, akasema, "Mama, leo umeniendesha vizuri." Alizoea kuniita mama. Nilikwenda shule nikiwa nimevimba kichwa.

Mama nadhani alijua zaidi ya alivyoambiwa. Alikuwa haweki tena kitu katikati ya mlango, na chai alimpa baba mkononi badala ya kuiweka mezani. Mara moja tu nilimsikia akimwambia, "Baba Zuhura, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie mzee wa watu ukweli." Baba akajibu kwamba atasema baada ya msimu wa sare. Msimu wa sare ni Desemba na Januari, wazazi wote wanapomiminika mjini na watoto wao, na Mzee Jamali ndiye aliyeamua nani apewe majora ya kukata. Kila mtu katika nyumba yetu alikuwa anasubiri Januari ipite. Nilianza kuota mchana darasani, naona watu wanakuja na siwajui umri wao. Masanja, aliyekuwa anakaa dawati la nyuma yangu, alikuwa ametuona tunavyotembea, akanipa jina: Fimbo. Darasa zima likalishika. Masanja alikuwa mrefu kuliko umri wake, mjinga wa hesabu, na hodari wa majina.

Kisha ikaja safari ya Saanane. Mwalimu alichagua wanafunzi kumi wa kwenda kisiwani Jumamosi kwa boti kutazama simba, na jina langu lilikuwa la tatu. Kisiwa kile nilikuwa nakiona kila siku nikiwa juu ya mawe, karibu hivi kwamba ningeweza kuhesabu miti, na nilikuwa sijawahi kukikanyaga. Sijui Masanja aliingiaje kwenye orodha, lakini naye alikuwemo. Niliporudi nyumbani nikasema, mama akafurahi. Baadaye baba akaniita uani. "Jumamosi ndiyo siku ya wateja wa sare, mama. Nitafikaje kazini?" Nikamwambia aende na mama. Akasema mama akionekana akimwongoza mume wake Mtaa wa Uhuru, huo si mwanzo wa maneno? Mtoto ni mtoto, hakuna anayemhesabu. Sikulia mbele yake. Nililia chooni, na hasira niliyotoka nayo kule sikuwahi kuwa nayo kabla, wala sidhani kama nimewahi kuwa nayo tena kwa mtu ninayempenda.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, barabara zinang'aa, mitaro imejaa. Nilimtajia baba watu wawili au watatu kwa mkato. Tulipoingia Uhuru maduka yalikuwa yanafunguliwa, Mzee Jamali amechuchumaa anahangaika na kufuli la chini, wenye vibaraza jirani wanafagia maji. Mbele yetu nikamwona Masanja anakuja peke yake kwa madaha, sare imepigwa pasi, viatu vipya vya plastiki, mkononi kifurushi cha chakula cha safarini. Alikuwa anakwenda kupanda boti. Aliponiona alipanua mdomo kucheka, na midomo yake ikaunda lile neno, Fimbo, bila sauti. Baba alinibonyeza bega.

"Mkubwa," nikasema. Na ili lisiwe na shaka, nikaongeza, "Mzee wa msikitini."

Baba alisita hatua moja. Kisha akavua kofia, akainama, akasema kwa sauti yake yote ya heshima, "Shikamoo, mzee wangu. Umeamkaje?"

Masanja akaduwaa. Lakini kama nilivyosema, alikuwa hodari. "Marahaba, kijana," akajibu, akampita baba huku akishika tumbo kwa kicheko.

Waliokuwa wanafagia walicheka kwanza, wakidhani Fundi Hamza anafanya utani wa babu na mjukuu. Baba hakucheka. Alibaki amesimama, kofia mkononi, akingoja mzee aendelee na salamu, na kadiri alivyongoja ndivyo kicheko kilivyopungua, mpaka mtaa wote ukanyamaza zikabaki nyundo za Makoroboi. Mzee Jamali aliinuka kutoka kwenye kufuli lake. Hakuwa mtu mbaya, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Aliingia dukani, akatoka na jora begani, akalifungua mbele ya baba.

"Fundi, hii ni rangi gani?"

"Damu ya mzee!" nikadakia mimi.

"Sikukuuliza wewe, binti."

Baba aliligusa jora. Vidole vyake vilitembea juu yake, vikarudi, vikatembea tena. "Ni tetroni nzuri," akasema.

"Rangi, Fundi."

Baba alirudisha kofia kichwani, akaiweka sawa. "Sioni, Mzee Jamali," akasema. "Nina miezi minane sioni."

Mzee Jamali alilikunja jora taratibu. Alimwambia amalizie kazi za watu alizonazo, asiwe na haraka, na kwamba kukata sare za watoto wa watu ni kazi ya macho, yeye mwenyewe angelaumiwa. Akamwambia na pole. Baba akasema ahsante, akauliza ngazi iko wapi, na hilo lilikuwa swali ambalo hajawahi kumuuliza mtu mwingine isipokuwa mimi. Yule jirani mwenye ufagio ndiye aliyemshika mkono. Mimi nilibaki barabarani na maji yakiingia viatuni.

Jioni mama alikwisha sikia, mji ule haukuwa na siri ya siku nzima. Aliniuliza ilikuwaje nikashindwa kumjua mtoto wa darasa langu. Kabla sijafungua mdomo baba akasema, "Usimsumbue. Mtaa ulikuwa umejaa watu, akachanganya. Mtoto hukosea." Mama alinitazama muda mrefu. Nami nikakubali kuwa mtoto aliyekosea. Hasira hasara, wanasema, lakini hasara yenyewe hulipwa na nyumba nzima. Mwezi wa pili tulivuka ziwa kwa pantoni pale Busisi na cherehani imefungwa kamba juu ya magunia, baba ameketi mbele na dereva wa lori kwa heshima ya ulemavu ambao sasa kila mtu aliujua. Sengerema alishona magodoro ya sufi kwa mkono na kusokota kamba za ng'ombe. Hakulalamika. Wageni walipouliza ilikuwaje akaacha ufundi mjini, aliwasimulia kisa cha kumwamkia mtoto shikamoo, akacheka kuliko wao, na kila mara alimalizia vile vile: binti yangu alikosea, maskini, watu walikuwa wengi. Nilikuwa natoka nje kabla hajafika hapo.

Nilisoma kule kule, baadaye nikapata nafasi kwenye chuo cha ualimu Butimba, na sasa nafundisha na ninaishi Mkolani. Pale Busisi watu wanapita juu ya daraja bila hata kushuka garini. Safari iliyotuchukua siku nzima na mizigo yetu sasa mtu anaimaliza kabla chai haijapoa kwenye chupa. Baba alikuja kwangu mwaka huu baada ya mama kufariki. Haoni hata mwanga. Jumapili moja aliniomba nimpeleke mjini asubuhi, tutembee kama zamani, ila tuanzie kwenye mzunguko wa mnara wa saa kwa sababu magoti yake hayawezi tena kilima cha Mbugani.

Nikampeleka. Mji wa asubuhi ya Jumapili ni mtulivu, na kwa mtu asiyeona unaweza kuwa mji wowote. Aliniuliza ile nyumba ya ndugu waliogombana ipo? Nikatazama jengo la vioo la ghorofa sita, na tangazo la simu lenye msichana anayecheka. Nikasema ipo. Akauliza ile yenye ngazi ya mzunguko. Pale palikuwa na maegesho ya magari. Nikasema ipo, wameipaka rangi ya njano. Akafurahi sana kwa ile njano. Nikaendelea hivyo mtaa mzima, nikamjengea upya majumba matano, na ni moja tu lililokuwa limesimama. Nilijiambia ni hisani. Mtu wa umri wake, aliyefiwa, atapata faida gani kwa kuambiwa kwamba kila alichokiona kwa macho yake hakipo? Tulipofika mbele ya kilichokuwa kibaraza cha Mzee Jamali, ambacho sasa ni mlango wa chuma wa duka la vipuri, nilihisi siwezi kupita pale na uongo wa zamani na uongo mpya kwa pamoja.

"Baba, siku ile ya Masanja sikukosea," nikasema. "Nilimwona vizuri. Nilikwambia mkubwa makusudi, kwa sababu ya Saanane."

Pikipiki ilipita. Alingoja ipite.

"Najua, mama."

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Viatu vyake vya plastiki vilikuwa vinalia toka kule mwisho wa mtaa, na amejipaka mafuta ya mgando mpaka yananuka. Mzee gani wa msikitini huyo?"

"Sasa mbona ulimwamkia?"

"Si wewe uliyesema mkubwa?" Alijibu kwa mshangao kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Ningeanza kukagua maneno yako, kesho yake ningetembea na nani?"

Nimefundisha watoto miaka mingi, najua kukemea na najua kusamehe, lakini sikujua nifanye nini na neno lile. Lilinikata maini. Niliegemea mlango wa chuma wa lile duka la vipuri, nikalia barabarani, mtu mzima na mkoba wake. Baba aliniacha nimalize. Nilipomaliza nikamwambia na hili lililobaki: nyumba ya ndugu wawili haipo, ya ngazi ya mzunguko haipo, hakuna rangi ya njano, kati ya tano nilizomtajia zimebaki moja. Safari hii uso wake ulibadilika. Alisimama kimya muda mrefu kuliko alivyosimama siku ile mbele ya watu wote wa Mtaa wa Uhuru, na nikaona kwamba uongo wa mtoto mwenye hasira alikwisha kuusamehe siku nyingi, huu wa mtu mzima mwenye huruma ndio uliomuumiza.

"Turudi kwenye mnara wa saa," alisema mwishowe. "Tuanze upya. Unitajie na zisizokuwepo."

Tukarudi. Nilimtajia zote, moja baada ya nyingine, na kilichosimama mahali pake, na tulichukua asubuhi yote.